Sauti Alizobaki Nazo Bibi

Majuzi niliingia kwenye lifti ya jengo ninaloishi nikapokewa na harufu ya wali ulioungua. Si wali ulioharibika, la. Ni ule ambao mpishi ameusahau kidogo tu motoni, chini ukashika ukoko, juu ukabaki mweupe. Ndani ya lifti hamkuwa na mtu. Aliyepika alikuwa nyuma ya mlango mmoja katika milango mingi, pengine anajilaumu. Mimi nikashuka ghorofa isiyo yangu, nikasimama kwenye korido na mfuko wangu wa maziwa mkononi, nikalia. Mtu mzima na funguo zangu za gari! Bora hakupita mtu.

Sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Etobicoke, huku Kanada, tulijua siku kwa pua. Ijumaa korido ilinukia pilau, Jumapili samaki wa kukaanga, na katikati ya wiki kila mtu alikuwa amechoka na jengo zima likanuka mkate wa kuchoma. Kwetu alikuwepo mama, mimi, na Bibi, mama yake mama, aliyeletwa kutoka Tanga nikiwa bado wa kufungwa kamba za viatu, ili mama apate kwenda kazini. Mama alikuwa akipokea simu katika ofisi ya bima. Baba alikuwa ameshaoa kwingine, na habari zake hazimo humu.

Bibi aliniita "mke mwenzangu." Ni utani wa mabibi wa pwani kwa wajukuu wao wa kike, kwamba wote wawili wameolewa na babu. Mimi babu sikumjua, alikwisha kufa kabla sijazaliwa, na utani nao sikuujua. Nilidhani ni cheo. Nikamweleza mwalimu wangu, kwa fahari kabisa, kwamba nyumbani mimi ni mke wa pili. Mama aliitwa shuleni, akarudi amekunja uso, akamsimulia Bibi, na Bibi akacheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Mpango wetu wa lugha ulikuwa rahisi. Bibi alisema Kiswahili, mimi nikamjibu Kiingereza, na hakuna aliyeona tatizo. "Mke mwenzangu, njoo ule." "I'm coming, Bibi." Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, lakini alinisoma usoni na mikononi, akajua nimeshiba, nimegombana na mtu au ninadanganya. Sikuwahi kufikiri kwamba uso wangu ndio uliokuwa ukifanya kazi yote ile.

Siku moja ndani ya lifti alikutana na mama mmoja mwembamba wa ghorofa ya juu, mweusi kiasi, nywele laini zilizosukwa mbili. Bibi aliniambia nimuulize ametoka wapi. Akasema Madagaska. Nilipomrudia jina hilo, Bibi akapiga makofi, akaitaja nchi kwa jina lake la zamani la pwani. "Bukini! Kumbe Mbuki! Jirani yetu huyu!" Tangu hapo Madamu Lalao, kama tulivyomwita kwa sababu ya Kifaransa chake, akawa mtu wetu. Walikaa wakinywa chai bila kuelewana neno, kila mmoja akieleza ya kwao, na ilionekana inawatosha.

Kiharusi kilimpata Bibi jikoni, asubuhi ya baridi kali. Alirudi kutoka hospitali na mkono wa kulia umelala na maneno yote yamekwenda. Mdomo ulikuwepo, sauti ilikuwepo, na akili pia, maana ukimtazama machoni uliiona. Maneno ndiyo hayakuja. Alikuja dada mmoja mpole wa kumfundisha kusema tena, na kadi za picha, akamwonyesha dubu, akamwonyesha mtumbwi, akamwonyesha mtu anateleza kwenye barafu. Bibi alizitazama kwa adabu, kisha akageukia dirisha.

Kilichobaki kilikuwa sauti. Bomba likivuja alisema, "Ndo, ndo, ndo." Kitu kikianguka, "Pu!" Mama akifunga mlango, "Ndi." Nikichelewa kuamka alikuja na fimbo yake, akanitazama, akasema, "Fofofo," na nilijua amenisema. Mama alipozisikia sauti hizi aliingia chooni na kufungua maji yatiririke ili tusimsikie akilia. Mimi sikuona cha kulilia. Nilidhani maneno yake yameshuka tu mahali, na hizi sauti ndizo ngazi za chini kabisa, na kwamba akizipanda moja moja atafika.

Mama alipata mtu wa kushinda naye, Tita Luz, wa mlango wa tatu kutoka kwetu. Tita ni shangazi kwa Kifilipino, na wote jengoni tulimwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee, na alikuwa na mikono mifupi yenye nguvu na tabia ya kuimba huku anakosea maneno. Madamu Lalao naye aliteremka kila alasiri. Mimi nikirudi shule niliwakuta watatu jikoni, Bibi katikati kwenye kiti chenye mito, hawa wawili wakizungumza Kiingereza cha kuvunjavunja ambacho kila mmoja alikivunja kwa namna yake.

Alasiri hiyo ninayoikumbuka, wali ulikuwa umeshika. Tita alipakua wa juu, akachukua kijiko cha chuma aanze kuukwangua ukoko autupe. Madamu Lalao akaruka kutoka kwenye kiti. "Usitupe!" Kwao, alisema, ukoko haukwanguliwi kwanza. Unamiminiwa maji ukiwa bado chunguni, unachemshwa, na maji yake ya rangi ya dhahabu ndiyo kinywaji cha mezani, kila nyumba, kila siku. Tita akasema haiwezekani. Madamu akasema lete maji. Wakazozana pale juu ya jiko, Tita bado anakwangua pembeni kwa ubishi tu.

"Acha hiyo kikisana yako," akasema Madamu.

Tita akasita. "Umeijuaje hiyo? Kiskis! Ni lugha yangu."

"Yangu mimi. Kikisana. Kukwangua hivi, ki, ki, ki."

Wakatazamana. Tita akaweka kijiko chini, akafyatua kidole kwenye paji la uso wangu, si kwa kuumiza. "Na hii?" Madamu akasema kwao pitika ni kitu kinachoruka ghafla, kama cheche. Tita akapiga kelele: kwao pitik, kidole kikifyatuka! Akagonga meza kwa ngumi. Yeye pukpok, Madamu fofoka. Kunguru akipita dirishani, huyu uwak, huyu goaika. Walishikana mikono kama watu waliopotezana sokoni. Walicheka, halafu Madamu akafuta macho kwa kitambaa cha vyombo, akasema tangu aje nchi hii hajasikia mtu akisema neno lililokaribia la mama yake.

"Kwaru," akasema Bibi.

Tukageuka. Alikuwa anakitazama kile chungu. "Kwaru, kwaru," akarudia, akanyoosha mkono mzima kutaka kijiko. Alitaka naye aingie kwenye mchezo. Tita akampa, Bibi akakwangua, na wote watatu wakasema kila mmoja lake. Jioni ile tulikunywa yale maji ya ukoko. Yalikuwa na ladha ya moshi na chuma, na sijapata kuonja tena.

Ukubwani nilisoma kwamba watu wa Bukini, zamani sana, walivuka bahari yote wakitokea visiwa vya mashariki, na lugha yao ina udugu wa damu na ya Tita zaidi kuliko na yetu sisi tuliokaa jirani nao. Nilisoma pia kwamba maneno ya kuiga sauti yanadanganya, kwa sababu kijiko chunguni kinalia vilevile popote. Wataalamu wanabishana. Lakini mtoto wa miaka tisa hana mtaalamu. Mimi nilifikia uamuzi wangu palepale jikoni: maneno haya wanayochangia watu wawili wasiojuana ndiyo maneno yenye mizizi. Bibi akiyashika haya, mengine yatamfuata.

Na sababu ya haraka nilikuwa nayo. Nilikuwa nimemsikia mama kwenye simu na kaka yake aliyebaki Tanga, Mjomba Athumani. Mjomba alitaka Bibi arudishwe. Mama hakutaka, alisema huku kuna madaktari, na tena mimi nimemzoea. Kisha akamsikiliza, akasema, "Ni kweli, Athumani. Kama hasemi hata neno, nitamwachaje ashinde na watu asioelewana nao?" Mimi nilichukua nilichokitaka. Kama hasemi hata neno. Kumbe linatakiwa neno tu!

Nikaanza kazi. Kila alasiri nilileta chungu, nikamweka Bibi mbele yangu. "Say kiskis, Bibi." Alinitazama kwa huruma. "Kwaru," akasema. "No. Kis-kis." "Kwaru." Tita alikuwa akipita nyuma yetu na nguo za kukunja. "Mwache na lake," aliniambia. Sikumwacha. Nilimpigia meza, nikamfyatulia vidole, nikamwonyesha kunguru wote wa Etobicoke. Alijitahidi kwa ajili yangu. Mara moja alitoa "pu-pu" iliyokaribia pukpok, nikazunguka meza nikishangilia, naye akafurahi kuona nimefurahi. Niliogopa sana siku zile. Nilikuwa nalala na mkono wangu umeshika kanga yake, nikidhani wanaweza kumchukua bila mimi kujua.

Mjomba alipiga simu Jumamosi, kama kawaida yake. Nilikuwa tayari. Nilimwomba mama aweke sauti ya juu ili wote tusikie, nikamketisha Bibi mezani na chungu chake na mwiko.

"Shikamoo mama!" Mjomba alipaza sauti, kama watu wanaoamini kwamba Kanada iko mbali kwa hiyo lazima upige kelele.

Bibi akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikakwangua chungu haraka. "Kis-kis, Bibi," nikamnong'oneza. Aliuchukua mwiko mkononi mwangu taratibu, akauweka kando. Akaisogelea simu mpaka midomo yake ikawa karibu kuigusa.

"Kwaru," akasema. "Kwaru, kwaru, kwaru?"

Si kiskis, ni kwaru lake lilelile. Nikajua nimeshindwa.

"Mbuzi ya nazi?" akasema Mjomba. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unaulizia mbuzi yako ya kukunia, mama? Ipo. Mke wangu anaikalia kila siku. Mguu mmoja ulilegea, nimeupiga msumari."

Bibi akapumua. "Chubwi?"

"Kisima kipo. Tumebadilisha kamba tu. Maji yako chini kidogo mwaka huu, ndoo inasikika kwa mbali."

"Pu. Pu!"

"Nazi zinaanguka mama, nyingi! Juzi moja imetoboa bati la jirani, akaja hapa na maneno, hapakukalika."

Bibi akacheka. Si kile kicheko cha upande mmoja alichorudi nacho hospitali. Alicheka kile cha kukaa sakafuni, na mkono wake wa kushoto ukapiga meza. Akauliza la kuku. Akauliza la mlango wa uani, ule unaolia. Mjomba alimjibu kila moja bila kukosea, na kadiri alivyojibu ndivyo Bibi alivyoharakisha, sauti juu ya sauti, kama mtu aliyeshikwa na kiu. Sikuwa nimejua kuna vitu vyote hivyo ndani yake. Mama alikuwa amesimama, mgongo kwenye friji, viganja mdomoni.

Halafu Bibi akatulia. Akasema polepole, kwa sauti ya kuuliza, "Jii?"

"Ndiyo, mama," akasema Mjomba. "Kimya tu. Nimempalilia nyasi kaburini mwezi uliopita, na tuta la udongo nimelitengeneza. Baba amelala vizuri."

Simu ilipokatika nilimrukia mama. "See? She can talk! She can stay!"

Mama alipiga magoti akanishika mabega. Macho yalikuwa yamemvimba. "Ndiyo, mwanangu, anasema. Nilidhani yamekwisha, kumbe anayo yote. Ndiyo maana inabidi aende. Hapa atamwambia nani?"

"Me," nikasema.

Mama hakusema kwamba siwezi. Alinikumbatia tu. Nilimchukia siku ile kwa moyo wangu wote, yeye na Mjomba na simu. Leo nina watoto, na sijui kama ningekuwa na ujasiri wake.

Walikuja kumuaga wote wawili. Madamu Lalao alileta chupa ya maji ya ukoko kwa ajili ya safari, mama akamweleza kwamba uwanja wa ndege hawaruhusu chupa, kwa hiyo Bibi aliyanywa yote palepale, amesimama, koti limefungwa mpaka kidevuni. Tita Luz aliuchukua mkono wa Bibi, ule uliolala, akainama na kuugusisha kwenye paji la uso wake, ndivyo wanavyowaamkia wazee kwao. Bibi alielewa. Kwetu mtu akiinama hivyo anaambiwa marahaba, na niliona midomo yake ikilitafuta lile neno, isilipate. Akampapasa Tita shavuni badala yake. Mimi na yeye hatukuagana. Nilijifungia chooni, na mama alikuwa na ndege ya kuwahi.

Tita na Madamu waliendelea kukutana jikoni kwa Tita, lakini mimi nilipita mlango ule bila kugonga. Hawakuwa wamenikosea. Niliona tu kwamba wao wamepata ndugu kwa sauti zile zile zilizonipotezea wangu.

Sasa nitasema lililoniliza kwenye korido. Bibi alipona. Si mkono, mkono ulibaki vile, lakini maneno yalirudi. Huko Tanga, kati ya kisima na mlango unaolia, yalianza kuja moja moja. Kwanza chai, kisha jina la Mjomba, kisha majina ya majirani na makosa yao. Mjomba alituambia kwa furaha kwamba sasa mama anagombana na kila mtu na hakuna anayelala mchana. Mama alikuwa akisikiliza simu zile akilia na kucheka kwa pamoja. Nami nilisubiri zamu yangu, nikishika waya wa simu na kuuzungusha kwenye kidole.

Ilipofika, Bibi alikuwa na maneno na mimi sina. Nilielewa karibu yote aliyosema. Aliniuliza shule, aliniuliza meno, aliniuliza kama ninavaa soksi. Nilimjibu Kiingereza kama siku zote, na siku zote uso wangu ndio uliokuwa ukimfasiria, na kwenye simu hakuna uso. "Anasema nini?" alikuwa akimuuliza Mjomba, na Mjomba Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Nilijaribu kusema ndiyo. Nilijaribu nzuri. Zilitoka mdomoni zikiwa za mtoto wa watu, nikaona aibu, nikawa namrudishia mama simu mapema. Miaka ikapita hivyo, kila Jumamosi nikisema mafupi zaidi.

Simu ya mwisho nilikuwa msichana mkubwa. Mama alikuwa dukani, nikapokea peke yangu. Bibi alinieleza jambo refu, na sauti yake ilikuwa imechoka. Alikuwa anavuta pumzi katikati ya maneno. Alikuwa ananiuliza kitu, na swali nililielewa. Alitaka kujua kama bado ninamkumbuka au nimeshamsahau. Nilikuwa na jibu limejaa kifuani, na sikuwa na neno hata moja la kulitolea. Nilishika simu nikapumua.

Kisha Bibi akayaacha maneno yake, yale aliyoyatafuta kwa taabu yote ile, akayaweka kando kwa ajili yangu. "Chwaaa," akasema taratibu. Mvua kwenye bati, huko aliko. Nikafumba macho. "Kwacha, kwacha," nikamwambia, viatu vyangu kwenye theluji, asubuhi nikienda shule. "Aha," akasema Bibi, na nikamsikia anatabasamu. Akanipa nyingine, nikampa nyingine. Tuliendelea hivyo mpaka salio la Mjomba likaisha katikati ya sauti yake.

Simu iliyofuata kutoka Tanga ilimkuta mama kazini. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikisoma ukubwani, na Bibi hakukisikia.